Mwaka Tuliomngojea Silas

Lorraine alinipigia simu mwezi wa tatu kuniambia nyumba ya kule Bowie imeuzwa. Hakusema nyumba yangu wala nyumba ya baba. Alisema "nyumba ya Bowie", kama mtu anayemtaja mgonjwa ambaye sote tulimwuguza na hatimaye amepumzika. Akaniambia kama kuna changu humo nikakichukue kabla wenye nyumba wapya hawajapewa funguo. Nikamwambia sina kitu kule, nilitoka na sanduku langu na mtoto wangu karibu miaka ishirini iliyopita, sikusahau hata kijiko. Akanyamaza. Sasa, Lorraine alifanya kazi katika ofisi za kaunti kule Upper Marlboro maisha yake yote, na watu wa ofisi hizo hawanyamazi kwenye simu. Husema la kusema wakakata. Nikajua kuna jambo. "Mlete kijana," akasema mwishowe. "Glavu ya Baba iko pale pale. Mimi siigusi."

Tangu simu ile, mwaka wa elfu mbili na tano umenirudia wote, na mimi si mtu wa kukumbuka-kumbuka. Nimetunza wazee katika vitongoji hivi vya Washington kwa muda mrefu kiasi kwamba nyumba zao zimechanganyika kichwani mwangu, zulia la huyu na mashine ya oksijeni ya yule. Ile ya Bowie haijachanganyika na nyingine. Sitaeleza nilivyofika Marekani wala habari za baba wa mtoto. Ya kwanza kila Mkenya wa Maryland anayo yake, na ya pili haistahili wino. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mimba ya miezi minne. Dada Mwanaidi, mwanamke wa Tanga niliyekaa naye chumba kimoja Silver Spring, alikuwa amenitafutia kazi ya kumtunza Mista Oakley, baba yake Lorraine. Yeye angeshika Jumamosi na Jumapili, mimi siku zilizobaki nilale huko huko. Siku ya kwanza alinizungusha nyumba nzima akinionyesha dawa ziko wapi, shuka ziko wapi, mzee anapenda chai yake vipi. Tulipofika kwenye korido iliyotoka sebuleni hadi mlango wa nyuma, akashusha sauti.

"Mzee hana taabu, ni mpole," akasema. "Ila hapa usisimame."

"Kwa nini, Dada?"

"Mdogo wangu, wewe pita tu. Ukiwa umebeba nguo, pita upesi. Usinichimbe."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani ni mambo ya watu wa pwani, ambao kwao kila pembe ya nyumba ina mwenyewe. Mimi nilikuwa msichana wa bara, Mkristo wa kukaa kiti cha mbele, na mjuaji kupindukia.

Mista Wendell Oakley alikuwa na miaka themanini na kitu. Ujanani alicheza besiboli katika ligi za watu weusi, enzi ambazo ligi kubwa ziliwafungia mlango, na nafasi yake ilikuwa mdakaji: yule anayechutama nyuma na glavu nene mkono wa kushoto, akiipokea mipira ya mrushaji. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vimevunjika vikaunga, vikavunjika tena, hata vikafanana na tangawizi. Asubuhi nilimpikia ule uji mzito wa mahindi meupe wanaouita grits, ambao kwangu mimi ni ugali uliokata tamaa, na yeye aliomba sahani ya pili iwekwe upande wa pili wa meza. Haikutiwa chakula, iliwekwa tu. Akishamaliza alijikokota hadi kwenye kiti chake sebuleni. Kila mzee mwingine niliyemtunza kiti chake kilitazama runinga. Cha Mista Oakley kilitazama korido.

Nilikuwa nimemaliza wiki nzima pale nilipousikia ule mlio. Ilikuwa asubuhi ya jua, mimi jikoni nikiosha vyombo. Mlio mmoja, mkavu: pa. Nilidhani mzee ameanguka, nikaenda mbio na mikono yenye povu. Nilimkuta ameketi vizuri. Glavu ilikuwa juu ya kimeza kando yake, na mkono wake wa kushoto ulikuwa pajani, kiganja kikitazama juu, kimevimba na kuiva. Sehemu ya kazi yetu ni kuitazama ngozi ya mgonjwa kila siku, kwa hiyo nilijua kiganja kile kilikuwaje nilipomvisha shati asubuhi ile.

"Nani amekupiga?" nikamwuliza.

"Hajanipiga mtu. Ni Silas." Hakugeuka kunitazama. "Usiogope, binti. Siku hizi anarusha polepole. Korido yenyewe ni fupi, haifiki umbali wa uwanjani, lakini na yeye amezeeka."

Niliogopa, nisiseme uongo. Jioni nilimweleza Lorraine, akanijibu kwamba ni mzunguko wa damu, daktari ameshasema. Alikuwa amebeba kapu la nguo za kufua. Kabla ya kuingia kwenye korido alisita kidogo, akageuka ubavu, akapita mgongo ukisugua ukuta, huku akiendelea kunieleza habari za mishipa ya damu. Hakujua kama anafanya hivyo. Nilimchunguza wiki nyingi, na hata siku moja hakupita katikati.

Habari za Silas nilizipata mezani, kijiko kwa kijiko. Silas Gaither alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, na Mista Oakley ndiye aliyekuwa akimdakia. Timu ilimwokota akiwa kijana mdogo asiyejua mama wala baba. Hata hilo jina la Gaither lilikuwa la mtu aliyempa kazi ya shamba. Alikufa kwa maradhi ya kifua, bado kijana, katika chumba cha kupanga mjini Washington, hakuacha mke wala mtoto. Walimzika katika makaburi ya watu weusi, na miaka ikapita, makaburi yakahamishwa kupisha ujenzi, na mawe mengi hayakuhama pamoja na wenyewe. Mzee alikwenda kumtafuta kule walikohamishiwa, hakumpata. "Pale tulipomzika," aliniambia, "leo treni inasimama." Nilimwuliza ni kituo kipi, akakitaja, na nikagundua ni kituo cha ile Red Line niliyopanda kila mara nikienda kliniki. Nikamsimulia Mwanaidi. Tangu hapo, kila tulipopita naye pale, milango ikifunguka na watu wakiingia na vikombe vyao vya kahawa, alikuwa akisoma Fatiha midomo ikichezacheza tu. Nilimkumbusha kwamba Silas hakuwa Mwislamu. "Nani kakwambia maiti anachagua dua?" akasema.

Mwaka ule besiboli ilikuwa imerudi Washington baada ya miaka zaidi ya thelathini, na hata wauza vyakula vya Kiafrika wa Silver Spring walivaa kofia nyekundu bila kujua mchezo wenyewe unachezwaje. Mista Oakley hakuijali timu mpya. Alikuwa akingoja kura. Kuna jumba, katika mji mdogo jimbo la New York, wanakohifadhiwa mashujaa wa mchezo ule, kila mmoja na sura yake kwenye bamba la shaba. Humo huingii kwa kuomba. Kila mwaka waandishi wa habari za michezo, wale wakongwe, hupewa majina ya wachezaji waliostaafu, kila mwandishi akachagua anaowaona wanafaa, wasizidi kumi. Asiyefikisha robo tatu ya kura anabaki nje, hata akiikosa kwa kura moja. Na jina la mtu haliletwi mpaka awe amestaafu miaka mitano.

"Kwa nini mitano?" nilimwuliza.

"Wanataka uanze kusahaulika kidogo," akasema mzee. "Ndipo waone kama watakukumbuka."

Kuhusu watu kama Silas, waandishi hao hawakuwa na la kusema, maana hawakuwaona wakicheza. Kwa hiyo mwaka ule iliundwa kamati maalum ya wanahistoria. Wakati wa baridi wangekaa ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa, wakayataja majina ya wachezaji weusi wa zamani, karibu wote marehemu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila jina robo tatu yao wakubali au jina liwekwe kando. Mista Oakley alinieleza haya kwa sauti ya kawaida kabisa, akipaka siagi mkate. Mimi niliona kabisa chumba kile, watu wameketi na suti zao, wakiita waliokufa na kungoja.

Kijana mmoja mtafiti wa kamati ile alikuja mwezi wa nane na kinasa sauti. Nilimpa chai ya barafu, akaketi kwenye ukingo wa kochi, akauliza maswali mazuri tu, mpaka alipofika kwenye hesabu. Magazeti ya watu weusi, alisema, hayakuandika kila mchezo, na michezo mingi ya Silas haikuandikwa na mtu yeyote. Je, Mista Oakley anakumbuka aliwatoa wapiga mpira wangapi kwa msimu?

"Sikuhesabu. Nilikuwa nadaka."

"Hata kwa kukisia, bwana. Wajumbe watataka kitu cha kushika."

"Nikikisia hawatampigia kura Silas. Watapigia kura kisio langu."

Kijana akaandika hilo, nadhani hakujua aandike nini kingine. Kisha akauliza, Silas akichaguliwa simu apigiwe nani? Alieleza kwamba aliyechaguliwa hupigiwa kabla ya kutangazwa, na kama ni marehemu hupigiwa ndugu zake. Asiyechaguliwa hapigiwi. Mista Oakley akampa namba ya nyumba ile. Kabla ya kuondoka, kijana alisimama kwenye korido kutazama picha za timu zilizotundikwa ukutani. "Sogea hapo, mwanangu," mzee akasema kwa upole. Alisogea. Pa. Kijana akatazama dari, akasema mabomba ya nyumba hizi yana kelele, akatuaga.

Mwanangu alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mchana, na kwa kuzaliwa mchana akawa Kibet. Hilo ni jina la saa. Kwetu Nandi mtoto ana jina jingine, na hilo hapewi, huulizwa. Wanawake wa ukoo huketi na mtoto, wakamtia ugoro kidogo puani, wakataja majina ya wazee waliokufa, moja moja. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyekuja. Lorraine, Mungu ambariki, alikuwa amekubali nirudi Bowie na mtoto, na ndiyo maana mambo haya yalifanyika kwenye jiko la Mmarekani, Jumapili baada ya kanisa, simu ya ukutani ikiwa kwenye kipaza sauti na Senge Rael, shangazi yangu, akiwa upande wa pili huko Kapsabet. Ugoro haukupatikana. Nilichovya ncha ya kidole kwenye pilipili manga.

"Sisi mtoto tunampa jina siku ya saba, tunachinja, tunakula," Mwanaidi alisema, akiwa amempakata mtoto. "Nyie watu wa bara mnamtia pilipili."

"Huyo ni nani anaongea?" Senge aliuliza kwa Kinandi.

"Ni dada yangu wa huku."

"Mwambie amshike kichwa vizuri." Kisha akaanza, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtu aliye mlangoni. Kirwa, ni wewe? Metet, ni wewe? Aliita wazee wa ukoo wetu hadi wale ambao mimi sikuwahi kuwasikia. Mtoto alitazama tu. Hakutazama simu wala uso wa Mwanaidi. Alitazama upande wa korido.

Mista Oakley alikuwa mezani na mkate wake, akauliza tunafanya nini. Nikamweleza. Aliweka mkate chini, akasikiliza kama mtu anayesomewa sheria za mchezo mgeni. Inatakiwa asilimia ngapi? Nikamwambia hakuna asilimia, kura ni moja, na mpigaji ni mtoto. Na nani anaruhusiwa kutaja majina? Wanawake wa ukoo. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuheshimu sheria, na sidhani hata leo kwamba alikusudia lolote. Aliinuka polepole, akishika meza, akasema tu, "Silas angeipenda hii."

Mtoto akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, safi. Kwenye simu Senge akapiga vigelegele, kisha akakatiza katikati. "Ngoja," akasema. "Nilikuwa nimemtaja nani?"

"Hukuwa umetaja mtu, Senge. Ulikuwa unavuta pumzi."

"Basi nani ametaja?"

Nilimweleza. Aliuliza huyo Silas ni wa ukoo gani, nikamwambia hana ukoo. Akaniambia nimwambie aende kwao, nikamwambia hana kwao, hata kaburi lake halijulikani. Nilisikia anavyovuta pumzi upande ule mwingine wa dunia. "Kila aliyekufa ana kwake," akasema. "Akikosa ataingia panapofunguka. Mtafutieni mahali. Mpaka hapo mtoto asiitwe jina la mtu yeyote, umenisikia?"

Nilimsikia. Na kuanzia siku ile nilijua kura ile haikuwa ya Mista Oakley peke yake. Yeye alitaka rafiki yake aheshimiwe. Mimi nilitaka Silas apate bamba lake la shaba, sura yake ichongwe, ukumbi upashwe moto, watu waje na watoto wao wamtazame, akae huko, amwachie mwanangu nafasi yake. Nilimwombea kanisani mtu niliyekuwa namwogopa. Leo nacheka, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali. Siku hizo mlio ulizidi. Asubuhi mara mbili, mara tatu. Na Mwanaidi ndiye aliyeona kwanza jambo ambalo mimi nilikuwa nakataa kuliona. Alikuwa amemlaza mtoto kwenye kochi, akaniita kwa kidole.

"Tazama macho yake," akanong'ona.

Macho ya mwanangu yalikuwa kwenye mlango wa nyuma. Yakatulia pale. Halafu yakasafiri, upesi, yakifuata korido yote hadi kwenye kiti cha mzee. Pa. Kisha mtoto akatabasamu, akarudisha macho mlangoni, akangoja.

Mwanaidi alikusanya vitu vyake mapema siku ile. Mlangoni alinishika bega. "Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia twende zetu," akasema. "Lakini twende wapi, na wewe una kazi na mtoto? Wakimchagua huyo bwana mwezi wa pili, mambo yatatulia. Mwombe Mungu wamchague."

Siku ya kura kulikuwa na theluji iliyoanza kuchafuka. Lorraine alichukua likizo, akaoka mkate wa viazi vitamu, akaweka redio kwenye kaunta, akaizima, akaiwasha. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa simu. Mzee alivaa suti ya kijivu na tai, nikamfunga kamba za viatu, akaketi jikoni badala ya kiti chake, glavu pajani. Mwanaidi hakuwa zamu lakini alikuja, na hakuna aliyemwuliza. Korido ilikuwa kimya tangu alfajiri. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio. Hata mtoto hakulala. Alikaa begani kwangu, macho yake mlango wa nyuma. Tulikula mkate ule wa viazi, sikusikia ladha yake. Mista Oakley aliniambia simu ikilia nipokee mimi, kwa sababu masikio yake hayaaminiki na Lorraine ataanza kulia.

Mchana, watu wa redio wakiwa wanasema matokeo yako njiani, simu ililia.

Mzee alisimama bila kushikwa. Lorraine akaziba mdomo. Nilimpa Mwanaidi mtoto, nikanyanyua simu, na kabla sijasema neno nikasikia sauti ikiita jina langu la nyumbani. Alikuwa Senge. Mwanawe alikuwa amemwekea pesa kwenye simu yake ya mkononi, na mimi nilikuwa nimewaonya watu wote wa Maryland wasipige siku ile, nikasahau Kapsabet.

"Nauliza habari ya yule mtu," akasema. "Mmempatia kwake?"

Nyuma yangu mtangazaji alikuwa ameanza kusoma majina ya waliochaguliwa. Alisoma taratibu, marehemu watupu, na kila jina Lorraine alilirudia bila sauti. Mista Oakley hakusikiliza redio, alinitazama mimi. Nikamtikisia kichwa: siyo wao. Hakuketi. Mtangazaji akafika mwisho, akawapongeza wote, ukaja muziki. Jina la Gaither halikuwamo.

Nimewahi kuulizwa na watu wa kanisa kwa nini nilifanya nilichofanya, na sina jibu la kanisani. Nilijawa na hasira. Mtu huyu ligi zilimkataa, magazeti yakakosa kumwandika, makaburi yakampoteza, na leo wameketi watu wenye nia njema, wakaita jina lake, wakatazamana, wakakosa kitu cha kushika. Mimi nami nilikuwa nimesimama pale na mlango wangu, tayari kuufunga. Sikuweza. Uoga haukwisha, ila huruma iliupita.

"Mbona kimya?" Senge aliuliza.

"Senge, hawakumtaka," nikasema. "Hana kwake. Kwake ni hapa."

"Ndiyo kusema?"

"Ndiyo kusema mtoto ni Silas."

Nilidhani atanikemea. "Basi mwambie awe mpole na mtoto," akasema, na simu ikakatika.

Mista Oakley alikuwa amelisikia lile jina, katikati ya maneno ya Kinandi ambayo kwake yalikuwa kelele tu. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni shangazi yangu, aliuliza jina la mtoto.

"Ukamwambia nani?"

"Silas."

Aliketi. Akaitazama redio, akamtazama mtoto mikononi mwa Mwanaidi. "Kura ngapi?" akauliza.

"Moja."

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na machozi yakimshuka kwenye tai yake nzuri. Lorraine alimkumbatia kwa nyuma. Akajifuta uso, akaniambia, "Sasa unaweza kusimama kwenye korido." Nilimchukua mwanangu, nikaenda nikasimama katikati kabisa, nikiutazama mlango wa nyuma. Hakikuja kitu. Asubuhi yake nilipomwogesha mzee, kiganja chake cha kushoto kilikuwa kikavu na baridi kama cha mzee mwingine yeyote. Hakikuvimba tena, na sahani ya pili hakuiomba tena. Alifariki kabla ya majira ya joto, mchana, kitini, na nililia kama nimefiwa na baba.

Mwezi wa tatu huu, basi, nilikwenda Bowie na kijana. Mwanaidi hakuwepo kuja nasi. Tulimzika mwaka juzi, nami nilimsomea dua zangu za Kikristo, nikiyakumbuka yale maneno yake ya kwenye treni. Nyumba ilikuwa tupu, hata mapazia hayakuwepo. Kilichobaki ni kile kimeza na glavu juu yake, na simu ya ukutani jikoni. Lorraine alisema aliilipia laini ile miaka yote, kwa sababu kamati mpya huundwa na wakati mwingine huyarudia majina ya zamani. Imekatwa juzi. Kijana, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliinyanyua akaiweka sikioni, akairudisha.

"Nimeshawapigia wale wa jumba," akasema. "Nimewaambia namba hii haifanyi kazi tena. Nimewapa yangu."

Lorraine alimwuliza kama walishangaa. Akasema hapana, waliuliza tu siku wakipiga wamwulizie nani. "Nikawaambia wamwulizie Silas."

Kijana alichukua glavu mezani, akaipangusa vumbi kwa mkono wake wa kushoto, ambao ndio anaoandikia na kulia chakula, na sikumfundisha mimi. Hakuivaa. Alinipa mimi, akaishika korido, akapita katikati hadi mlango wa nyuma, akageuka. Mkononi hakuwa na mpira. Nilitia kiganja changu ndani ya ngozi ile ngumu, nikachutama kadiri magoti yangu yalivyokubali. Lorraine akasogea ukutani, akapisha.